Kwa Baiskeli Chini ya Mialoni ya Djurgården

Msafiri avukaye kwa baiskeli daraja la kisiwa cha Djurgården, katikati ya mji wa Stockholm, hujikuta punde miongoni mwa mialoni ya kale, ambayo baadhi yake imeishi karne nyingi. Salama ya miti hiyo yatokana na amri: mwaka 1558 mfalme Gustav Vasa aliifanya mialoni kuwa milki ya dola, ipate kuundiwa merikebu za vita, na kisiwa chenyewe baadaye kikawa uwanja wa wafalme wa kuwindia. Tangu 1995 sheria huuhifadhi msitu huu, hata mashina yenye mapango, maskani ya mbawakawa adimu. Basi mwendeshaji na afuate njia, asiponde mizizi, kwani amana hii haina fidia.