Rimu Kubwa, Mpira Mdogo

Mercedes-Benz Sprinter inayouzwa Ulaya kama gari la mizigo mara nyingi hutoka kiwandani na matairi yaliyoandikwa 235/65R16. Mnunuzi hulitia kitanda, jiko, tangi la maji na betri, na tayari ana gari-nyumba. Muda si mrefu huanza kuziwazia barabara zisizo na lami, kama zile za milima ya Atlas kule Moroko. Hapo ndipo huingia dukani kuulizia magurudumu makubwa. Swali lake lina mtego: gurudumu linaweza kukuzwa kwa njia mbili, na moja kati ya hizo itamrudisha nyuma.

Mtego wenyewe umo katika namba za tairi. 235 ni upana kwa milimita. 65 inahusu ubavu, yaani ule mpira ulio kati ya rimu na ardhi: kimo chake ni asilimia 65 ya upana, karibu milimita 153. 16 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 406. Jumlisha rimu na mbavu mbili, utapata gurudumu la milimita 712. Herufi R husema kwamba nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja kutoka ubavu mmoja hadi wa pili, muundo ambao Michelin waliusajili mwaka 1946. Kwa nyuzi hizo ubavu huweza kubonyea huku sehemu inayokanyaga ardhi ikibaki imetulia.

Njia ya kwanza ya kukuza gurudumu ndiyo inayopendeza macho: rimu ya inchi 18 yenye tairi la 255/55R18. Kipenyo kinapanda hadi milimita 738. Ekseli, ambayo huinuka kwa nusu tu ya nyongeza hiyo, imepanda milimita 13. Ubavu, kwa upande wake, umeshuka hadi milimita 140. Mwenye gari amelipia gurudumu kubwa zaidi na kupewa mpira mdogo kuliko aliokuwa nao, na shimo la kwanza lenye kingo kali litamweleza tofauti hiyo kwa kuipinda rimu.

Njia ya pili huiacha rimu ya inchi 16 mahali pake na kuivalisha tairi la 245/75R16. Kipenyo sasa ni milimita 774, ubavu ni 184, na ekseli imeinuka milimita 31.

Waongoza watalii wa kaskazini mwa Tanzania wanalijua hili bila kikokotoo. Land Cruiser nyingi zinazopita Serengeti na Ngorongoro hutumia rimu za inchi 16 zenye matairi membamba na marefu ya 7.50R16, yenye kipenyo cha takriban milimita 800. Hazina mng'aro wa magari ya mjini, lakini zina mpira mwingi wa kupokea mawe na makorongo kabla kishindo hakijafika kwenye springi.

Ubavu mrefu una faida nyingine, nayo inatokana na ukweli kwamba mzigo wa gari hubebwa hasa na upepo uliomo ndani ya tairi. Chukua gurudumu la nyuma lililobeba kilo 1,000. Likiwa na upepo wa PSI 65, eneo linalogusa ardhi ni takriban sentimita za mraba 220, kama theluthi moja ya karatasi ya A4. Ukipunguza upepo hadi PSI 29, eneo hilo hukua zaidi ya maradufu na kukaribia sentimita za mraba 490. Alama ya tairi hurefuka zaidi kuliko inavyopanuka, na gari lililokuwa likizama mchangani huanza kutembea juu yake. Tairi lenye ubavu mfupi halina nafasi ya kubonyea kiasi hicho. Rimu hukaribia ardhi mapema mno. Ila upepo lazima urudishwe kabla ya kurejea kwenye lami. Tairi lenye upepo mdogo hujikunja na kujikunjua kila linapozunguka, na kwa mwendo mkubwa joto linalozaliwa humo linaweza kulipasua.

Baada ya kipimo huja aina ya mpira. Matairi yenye alama ya A/T, yaani ya ardhi za kila aina, yana kashata kubwa zaidi, mifereji mipana ya kutema tope na mbavu zilizoimarishwa dhidi ya mawe makali. Hata hivyo, mifereji mipana maana yake ni mpira mchache unaogusa lami. Mengi hunguruma zaidi barabarani, hula mafuta zaidi, na kwenye lami yenye maji huchelewa kusimama kuliko matairi ya barabarani. Kwa anayesafiri Ulaya ipo alama nyingine ya kutafuta ubavuni: mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji. Tangu Oktoba 2024, Ujerumani haitambui tena herufi M+S (tope na theluji) peke yake kama ushahidi wa tairi la majira ya baridi.

Gharama nyingine haimo kwenye risiti ya duka. Kutoka milimita 712 hadi 774 ni ongezeko la asilimia 8.7, na injini haikuongezewa nguvu. Kwa gia ileile, msukumo unaofika ardhini hupungua kwa asilimia 8 hivi. Kwenye tambarare dereva huenda asihisi kitu. Kwenye kona za Stelvio kule Italia, au mlima Kitonga mkoani Iringa, atashusha gia mapema. Breki nazo zinapaswa kulizuia gurudumu refu na zito zaidi. Spidomita iliyokuwa sahihi kabisa itaonyesha 50 wakati gari linakwenda 54, na tochi ya trafiki haitasikiliza maelezo. Kwa Sprinter, tofauti hii inahitaji kurekebishwa kwenye kompyuta ya gari.

Kosa la hatari zaidi hufanyika wakati kipimo ni sahihi. Tairi la 245/75R16 lililotengenezwa kwa magari madogo ya SUV linaweza kuandikwa 111 baada ya kipimo: uwezo wa kilo 1,090. Lile la LT, lililoundwa kwa magari ya mizigo, huandikwa 120/116: kilo 1,400 likifungwa peke yake, 1,250 likifungwa pacha. Kwa kutazama upana na urefu hayatofautiani. Chini ya gari-nyumba lenye kilo 1,000 kwa kila gurudumu la nyuma, la kwanza lingekuwa limebakiwa na akiba ya kilo 90, ambayo tangi la maji lililojaa na baiskeli mbili mlangoni zinaweza kuimaliza.

Kabla ya kulipa, fundi mzuri hukata usukani hadi mwisho pande zote mbili kuona kama mpira unakwaruza madigadi. Kisha husoma tarakimu nne za mwisho kwenye mstari wa ubavuni unaoanza na herufi DOT: 0821 maana yake tairi lilitengenezwa wiki ya 8 ya mwaka 2021. Magari-nyumba huegeshwa miezi mingi juani, hivyo mpira huweza kukauka na kupasuka ilhali kashata bado ni nzima.

Spea nayo inapaswa kulingana na mengine manne, hasa kwa gari linaloendesha magurudumu yote, kwa sababu kipenyo tofauti hulazimisha difu kufanya kazi bila kupumzika. Sprinter huibeba spea chini ya sakafu, kwa nyuma, na tairi la milimita 774 huenda lisienee hapo. Wengi huishia kuifunga kwenye mlango wa nyuma, na kilo zake, zaidi ya 25 pamoja na rimu, huingia kwenye hesabu ya 3,500 ambazo ndizo ukomo wa Sprinter nyingi za aina hiyo.