Kisahani cha Makobola: miezi kumi ya kutupa, daftari linasema nini?

Hapa Makobola mtu mzima akionekana anakimbia barabarani, majirani wanatoka mlangoni na kuuliza: kuna nini huko nyuma? Mbio za mtu mzima huku kwetu zimekuwa habari mbaya kwa miaka mingi. Labda ndiyo maana wengi wetu, tukishapita miaka arobaini, tunaachana na michezo kabisa. Mpira ni wa vijana. Sisi tunabaki na kiti, redio na hadithi za zamani.

Mimi ninayeandika ni mtu wa sendika ya wachimbaji. Toka miezi kumi ninajifunza mchezo ambao haudai mbio hata kidogo: gofu ya diski. Watoto wa hapa wameshaubatiza jina la «kisahani», na jina limebaki. Ndugu msomaji, nataka kukueleza ni mchezo gani, mtu anayeanza anaendelea namna gani, na juu ya nini naona unafaa watu wa kazi yetu.

Mchezo wenyewe

Diski ni sahani ya plastiki ngumu. Upana wake ni sentimita 21 na kidogo, uzito wake kwa kawaida ni gramu 150 mpaka 180. Kuna mahali pa kuanzia na kuna shabaha. Unatupa, unatembea mpaka pale diski ilipolala, unatupa tena kutoka palepale, mpaka umalize kwenye shabaha. Kila mtupo unahesabiwa. Aliyetupa mara chache zaidi ndiye mshindi. Ni hayo tu. Ni kama gofu ya matajiri, lakini bila fimbo, bila majani ya kumwagiliwa maji, na bila mlinzi kwenye lango.

Kwenye viwanja rasmi shabaha ni kapu la chuma lenye minyororo juu yake: diski inapiga minyororo, inaanguka ndani. Kapu hilo lilibuniwa na Mmarekani Ed Headrick, mtu aliyefanya kazi katika kampuni ya Wham-O, ile iliyouza Frisbee. Ndiye aliyepanga uwanja wa kwanza wa kudumu, Oak Grove, California, mwaka wa 1975. Uwanja ule ulipoanza, shabaha zilikuwa nguzo tu. Mwaka uliofuata akaanzisha chama cha PDGA, ambacho mpaka leo kinasimamia kanuni.

Lakini kuna hadithi ya zamani zaidi, na hiyo ndiyo ilinigusa. Mwaka wa 1926, kule Bladworth, katika jimbo la Saskatchewan, Kanada, watoto wa shule walikuwa wakitupa vifuniko vya makopo kuelekea duara walizochora chini, huku wakihesabu. Waliita mchezo wao gofu ya vifuniko vya bati. Nani kati yetu hakutupa kifuniko cha ndoo akiwa mtoto? Sisi tulitupa, tukacheka, tukarudi nyumbani. Wale walihesabu. Tofauti ni hiyo tu.

Diski tatu na miti tisa

Diski zetu zilitoka mbali. Mtoto wa dada yangu ni mmoja wa ndugu zetu wengi wa Fizi waliokimbilia kambi ya Nyarugusu, Tanzania, na baadaye wakapelekwa Marekani. Leo anaishi Iowa, ambako viwanja vya mchezo huu viko ndani ya bustani za watu wote. Alimpa mgeni aliyekuwa akirudi nyumbani diski tatu: moja ya mbio, moja ya kati, moja ya kumalizia. Zikafika ndani ya sanduku, katikati ya nguo za watoto.

Uwanja tuliutengeneza wenyewe, kwa ruhusa ya wenye mashamba. Shabaha ni tisa: miembe mitano, michikichi miwili, nguzo moja ya zamani, na kapu moja ambalo fundi wa kuchomelea alilitengeneza kwa janti za baiskeli na minyororo ya pikipiki iliyochakaa. Kwenye mti, kanuni yetu ni kugusa shina. Ukigusa jani, endelea kutupa.

Kupanga njia za mitupo hakukuwa kazi nyepesi. Makobola imebanwa kati ya mlima na ziwa, na barabara ya taifa namba 5 inapita humohumo. Hatutupi kuvuka barabara. Upande wa chini, Tanganyika imepanda sana miaka hii. Imekula nyumba na mashamba ya pwani kutoka Uvira mpaka Baraka. Mwembe mmoja tuliouchagua ulisimama ndani ya maji baada ya majuma machache, tukauacha. Diski nyingi hazielei. Ikiingia ziwani, imekwenda.

Na kuna upande mwingine ambako hakuna mtupo unaoelekea. Kila mtu hapa anajua kilichotokea toka tarehe 30 Desemba 1998 na siku za kwanza za Januari 1999, wakati mamia ya watu wetu waliuawa. Makaburi ya pamoja yapo. Siku ya kupanga uwanja hakuna aliyesema neno juu ya hilo. Tulipofika mahali fulani, wote tuligeuka, tukapima njia ya kwenda upande mwingine.

Nguvu haitoki mkononi

Mchimbaji anayeshika diski mara ya kwanza anafikiri mambo yameisha, maana mkono anao. Anapiga nyundo kwenye patasi mchana kutwa, anapandisha mifuko ya mawe. Lakini diski haiheshimu misuli. Nimeona kijana mwenye mabega kama ya ng'ombe akitupa kwa hasira yote, diski ikapanda juu, ikasimama hewani, ikaanguka hatua ishirini mbele yake. Baada yake akatupa mama mmoja anayebeba mafuta ya mawese sokoni. Alizungusha kiuno kama mtu anayeweka mzigo chini, na diski ikapita ya kijana kwa mbali.

«Mjomba, usitupe na mkono, tupa na miguu,» mtoto wa dada aliniambia kwa simu. Ndiyo siri ya kwanza. Nguvu inaanzia mguuni, inapita kiunoni, mkono unafuata tu mwishoni kama kamba. Diski inavutwa ikiwa karibu na kifua, pua yake ikiwa chini kidogo. Kwa sisi ambao mabega yetu yamekwisha kwa kazi ya shimo, hii ni habari njema: atupaye vizuri hasumbui bega lake.

Siri ya pili ni kuijua diski yenyewe. Mtu wa mkono wa kulia akitupa kwa mgongo wa mkono, diski inazunguka kama mshale wa saa, na ikianza kuchoka inakata kushoto. Haina ubishi, ni tabia yake. Kwenye uso wa diski nyingi wameandika namba nne: kasi, kuelea, kupinda mwanzoni, na kukata mwishoni. Diski ya mbio imetengenezwa kwa mkono wenye kasi. Kwa anayeanza inakata kushoto mapema. Ya kati na ya kumalizia zinatii hata mkono wa polepole. Kwa sababu hiyo, ile ya mbio ilikaa sandukuni miezi mitatu ya kwanza.

Siri ya tatu ni upepo. Ukija usoni kwako, unainua diski na kuipindua kulia. Ukitoka mgongoni, unaishusha na kuikatisha kushoto haraka. Wakati wa kiangazi upepo wa kusini unavuma kwa nguvu juu ya Tanganyika, wavuvi wanaujua vizuri. Tulijifunza kwao kusoma maji kabla ya kutupa.

Mitupo 22 ilikwenda wapi?

Mitupo yangu ya kwanza ilifika mita 30 hivi. Wachimbaji wanaijua namba hiyo: ni kina ambacho kanuni za madini za nchi yetu zinakataza shimo la mchimbaji mdogo kupita. Leo, kwa diski ya kati, ninafika 55, na siku njema 60. Watu wakiona hivyo wanasema nimeendelea. Lakini mimi nina daftari, na daftari linasema kitu kingine.

Mzunguko wa kwanza wa shabaha zote tisa ulinichukua mitupo 58. Mwezi wa tatu, 49. Toka mwezi wa tano mpaka wa saba namba ilikaa kwenye 45 na 46, haikutaka kushuka. Mwezi huu wa kumi ninamaliza kwa 36, na mara moja nilipata 34. Kutoka 58 mpaka 36 ni mitupo 22. Nilikaa chini nikaangalia mstari kwa mstari ilipungua wapi. Kama 7 ilitoka kwenye mitupo mirefu. Ile 15 mingine ilitoka karibu na mti, ndani ya mita kumi.

Karibu na mti hakuna anayekupigia makofi. Ni kazi ya jioni, peke yako: mita 5, mitupo 20 kila siku, kabla ya giza. Mwanzoni nilikuwa nagusa shina mara 6, leo ni 15. Hakuna kingine nilichofanya. Ile miezi mitatu ya namba iliyosimama ilivunjika hapo, na kwa jambo moja la nyongeza: kuacha kulenga mti kutoka mbali, na kulenga mahali pazuri pa kutupia mara ya pili. Anayelenga mti kwa mita 80 anajikuta ndani ya mihogo. Anayelenga uwanja ulio wazi mbele ya mti anamaliza kwa mitupo mitatu.

Duniani kuna watu wanaotupa mbali sana. David Wiggins Jr. alitupa mita 338 mwaka wa 2016, kwenye jangwa la Nevada, upepo mkali ukisaidia. Ni ajabu kubwa. Lakini ile ni sherehe ya umbali. Kwenye mashindano, atakayetupa mbali halafu akakosa kapu mara mbili ameshindwa na yule mzee wa mita 60.

Hesabu inasemwa kwa sauti

Nimalizie na jambo lililonifanya niandike haya.

Mchezo huu kwa kawaida hauna refa. Ukimaliza shabaha, unasema namba yako mbele ya wenzako, wanasikia, inaandikwa. Kama umetupa mara sita, unasema sita. Mwenzako aliyehesabu ana haki ya kusema hapana, na mnarudia pamoja mtupo kwa mtupo: wa kwanza kwenye mchikichi, wa pili kwenye mfereji, na kuendelea.

Siku moja kijana mmoja, mkreseri aliyeshuka kutoka machimbo ya upande wa Misisi, alimaliza mzunguko wake, akakaa chini ya mwembe. Akauliza: «Papa, juu ya nini huku tunahesabu hivi, na kule juu hatuhesabu hivi?»

Wote tulielewa. Machimboni mifuko ya mawe inagawanywa kati ya mwenye shimo na wafanyakazi. Mara nyingi anayehesabu ni mmoja, anayeandika ni yeye yule, na wakati wa kupima dhahabu, anayeshika mizani ndiye anayenunua. Mfanyakazi anasikia namba ya mwisho tu. Akiuliza, anaambiwa ana kichwa kigumu. Kwa miaka nimehutubia juu ya jambo hili kwenye mikutano, nikitaja sheria na vifungu. Swali la kijana yule lilikuwa fupi kuliko hotuba zangu, na lilieleweka zaidi.

Kwenye mkutano uliofuata tulileta pendekezo moja tu: mifuko ihesabiwe kwa sauti, mmoja mmoja, mbele ya watu watatu, na iandikwe kwenye madaftari mawili, moja la mwenye shimo, moja la wafanyakazi. Hatukuomba kupandishiwa fungu. Tuliomba namba isikike. Mashimo mawili yamekubali. Kwenye mengine bado tunabishana, na wenye mashimo wengine wamesema wazi kwamba hawataki. Sitasema tumeshinda. Nasema tu kwamba pale ilipokubaliwa, ugomvi wa Jumamosi umepungua, hata mwenye shimo mmoja alisema sasa analala vizuri.

Anayetaka kuanza asingoje diski kutoka Marekani. Kifuniko cha ndoo kinatosha kwa mwezi wa kwanza. Chagua miti mitatu, omba ruhusa ya mwenye shamba, hakikisha hakuna mtoto wala barabara mbele yako. Tupa polepole. Jioni rudi karibu na mti, mita 5, mara 20. Nunua daftari la franka chache na uandike kila namba, hata ile isiyokupendeza, maana ndiyo itakayokuonyesha baadaye umetoka wapi.

Sisi tunacheza Jumapili baada ya ibada, kuanzia saa tisa, upepo ukishapungua. Tuko kumi na wanne sasa, wanawake watano ndani yao. Diski zimebaki mbili, tunapokezana. Namba ninayoitafuta mimi kabla ya mvua kubwa ni 32.