Sahani Moja kwa Watoto Wote: Vitamu vya Halloween kwa Watoto Wenye Mzio wa Chakula

Halloween, ambayo huadhimishwa tarehe 31 Oktoba katika mkesha wa Sikukuu ya Watakatifu Wote, ilipelekwa Marekani na Kanada na wahamiaji wa Ireland na Scotland, hasa katika karne ya 19, na huko ikageuka kuwa sherehe ya watoto, ambao huvaa mavazi ya vizuka na wanyama, kisha jioni hupita nyumba kwa nyumba wakibisha hodi na kupewa peremende. Desturi hiyo ya kugawa vitamu ilishika mizizi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, mgao wa sukari ulipokwisha, na leo hata familia za Waswahili na Wakongo zilizohamia miji ya Amerika Kaskazini hukutana nayo kupitia shule za watoto wao, zikiwemo zile ambazo kwa sababu za dini hazishiriki. Kwa mtoto mwenye mzio wa chakula, usiku huo una ugumu wake, kwa kuwa mfuko anaorudi nao umejaa vitu vya nyumba nyingi, na mara nyingi hakuna mtu nyumbani kwake anayejua vimetengenezwa kwa viambato gani.

Mzio wa chakula ni hali ambayo mfumo wa kinga, uliokusudiwa kupambana na vijidudu vya maradhi, huichukulia protini ya chakula cha kawaida kuwa adui. Katika mizio mingi ya ghafla, mwili hutengeneza kingamwili zinazoitwa IgE, ambazo hujishikiza kwenye seli maalumu zilizomo katika ngozi, njia ya hewa na utumbo, na protini ileile inapoingia tena, seli hizo humwaga histamini na kemikali nyingine zinazoleta vipele, mwasho, midomo kuvimba, kutapika, kukohoa au kifua kubana. Shambulio linapokuwa kali kiasi cha kuziba pumzi au kushusha shinikizo la damu huitwa anafilaksia, na dawa yake ya kwanza ni adrenalini, ambayo kwa kawaida hudungwa kwenye msuli wa paja bila kuchelewa, wala haifai kungojea kwanza vidonge vya kupunguza mwasho vifanye kazi. Mzio wa chakula usichanganywe na tumbo kushindwa kumeng'enya sukari ya maziwa, jambo la kawaida miongoni mwa watu wazima wa asili ya Afrika, ambalo husumbua kwa gesi na kuharisha lakini haliletwi na mfumo wa kinga na halileti anafilaksia.

Sheria ya Marekani ya mwaka 2004 iliwalazimisha watengenezaji wa vyakula vya pakiti kutaja waziwazi vyakula 8 vinavyosababisha sehemu kubwa ya mizio mikali, yaani maziwa, mayai, samaki, jamii ya kamba na kaa, karanga, ngano, soya, na kundi la njugu za miti ambamo zimo korosho, lozi na pistashio. Ufuta uliongezwa kuwa wa 9 kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2021 na kuanza kutumika tarehe 1 Januari 2023. Karanga haimo katika kundi la njugu za miti kwa sababu ni jamii ya kunde, huota chini ya ardhi, ingawa mtoto mmoja anaweza kuwa na mzio wa karanga na wa korosho kwa pamoja. Korosho na pistashio zenyewe ni za ukoo mmoja wa mimea, na mwenye mzio wa moja mara nyingi hudhuriwa na nyingine. Kwa upikaji wa Kiswahili, habari iliyo muhimu zaidi ni ya mwezi Januari mwaka 2025, ambapo mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani iliiondoa nazi katika orodha ya njugu za miti zinazolazimika kutajwa kama vichochezi vikuu vya mzio. Wako watu wachache wenye mzio wa nazi yenyewe, lakini kwa watoto walio wengi tui na machicha ni msaada mkubwa jikoni pale ambapo maziwa, siagi na lozi haviruhusiwi.

Lebo, pamoja na manufaa yake, ina mapengo ambayo hujitokeza zaidi wakati wa Halloween. Peremende ndogondogo zinazouzwa kwa mifuko mikubwa mara nyingi hazichapishwi orodha ya viambato kwenye karatasi ya kila moja, hivyo mfuko ukishatupwa maelezo yote yamepotea. Na tena pipi ndogo inaweza kuwa imetengenezwa katika kiwanda tofauti na ile kubwa yenye jina lilelile, kwa viambato visivyolingana. Maneno yanayoonya kwamba bidhaa huenda ina chembe za karanga huandikwa kwa hiari ya mtengenezaji, kwa hiyo kutokuwepo kwake si uthibitisho wa usalama. Watafiti wa Kanada waliochapisha matokeo yao mwaka 2020 walikuta kwamba visa vya anafilaksia ya karanga miongoni mwa watoto wanaofikishwa hospitalini huongezeka siku za Halloween na Pasaka.

Kutokana na hatari hiyo, kikundi cha wazazi wa mashariki mwa jimbo la Tennessee kilianzisha mwaka 2012 desturi ya kuweka mlangoni boga lililopakwa rangi ya feruzi iliyokolea, ambayo ni rangi ya kampeni za kuelimisha umma kuhusu mizio ya chakula, na mwaka 2014 FARE, shirika la Marekani la utafiti na elimu ya mizio ya chakula, likaieneza nchi nzima. Boga hilo huwaambia wapita njia kwamba katika nyumba hiyo kuna zawadi zisizoliwa, kama vile kalamu za rangi, vibandiko, mapovu ya sabuni au pete za plastiki, zinazowekwa katika bakuli la peke yake ili zisigusane na peremende. Mlangoni hakuna njia bora kuliko hiyo, kwa sababu wazazi wa Marekani hufundishwa kutupa chakula chochote kisichofungwa kiwandani ambacho watoto wao wamepewa na watu wasiowajua, na shule nyingi nazo hukataa vyakula vilivyopikwa nyumbani. Vitamu vinavyotengenezwa pamoja na watoto vina nafasi yake kwingine: mezani pa familia na katika karamu ndogo ya watoto ambao wazazi wao wanafahamiana.

Huko karamuni ndiko wenyeji wengi wenye nia njema wanakokosea, kwa maana humtengea mtoto mwenye mzio kisahani chake, tena mara nyingi kikiwa na kitu duni kuliko vya wenzake, kisha wakamketisha pembeni. Mtoto wa miaka minne anaelewa vizuri sana maana ya kutengwa. Lililo jema, na lililo rahisi zaidi kulisimamia, ni kupika vitu vichache ambavyo watoto wote waliopo wanaweza kula, kwa viambato vichache ambavyo kila kimoja kimesomwa lebo yake, ili hata sahani zikibadilishana mikono, kama zinavyobadilishana daima watoto wanapocheza, pasiwe na madhara.

Kazi huanza kwa kunawa mikono, na hapa sabuni haina mbadala. Uchunguzi uliofanywa na watafiti wa Johns Hopkins na kuchapishwa mwaka 2004 ulionyesha kwamba sabuni na maji huondoa mabaki ya protini ya karanga mikononi, ilhali maji matupu au dawa ya kuua vijidudu inayopakwa bila maji huweza kuyaacha, kwa sababu dawa hiyo huua viumbe hai na protini si kiumbe hai. Kwa sababu hiyohiyo moto hautegemewi: karanga iliyokaangwa haijapoteza nguvu ya kuleta mzio, na tafiti zinaonyesha kwamba kuikaanga huweza hata kuiongezea. Ubao, kisu, chekecheke na mwiko wa mbao uliowahi kuchanganya siagi ya karanga huweza kuhamisha chembe hadi kwenye chakula kilichokuwa salama, kwa hiyo vyombo huoshwa kwa sabuni kabla ya kuanza, na vya mbao vyenye nyufa huwekwa kando.

Kitamu kinachostahili kutangulizwa ni biskuti za siagi ya alizeti, kwa kuwa zina ajabu inayolingana kabisa na sikukuu hii. Bakuli moja hutiwa kikombe kimoja cha siagi ya mbegu za alizeti, robo tatu ya kikombe cha sukari, nusu kijiko cha chai cha bikaboneti ya soda, yaani ule unga mweupe wa kuumulia keki, pamoja na kijiko kikubwa kimoja cha mbegu za kitani zilizosagwa na kulowekwa katika vijiko vikubwa vitatu vya maji mpaka zikawa kama ute, ambazo huchukua nafasi ya yai moja. Mtoto mdogo anaweza kukoroga, kuviringa madonge na kuyabonyeza kwa uma, na biskuti huokwa kwa nyuzi 180 za Selsiasi kwa takriban dakika 10. Zikitoka zina rangi ya kahawia, lakini zinapoendelea kupoa na kukaa, ndani huanza kugeuka kijani, na rangi hukolea kadiri saa zinavyopita. Mbegu za alizeti zina asidi iitwayo klorojeniki, ambayo hutoa rangi hiyo inapokutana na protini katika mchanganyiko uliofanywa kuwa wa alkali na bikaboneti; haina madhara yoyote, na mwokaji wa siku za kawaida asiyeitaka huizuia kwa matone ya limau. Kwa watoto waliovaa mavazi ya mazimwi, biskuti inayojigeuza kijani ndani ya sahani ni zawadi ambayo chokoleti ya dukani haiwezi kuishinda. Lebo ya siagi yenyewe isomwe, maana baadhi ya viwanda husaga alizeti na karanga katika mashine zilezile.

Kutoka upande wa pwani, kashata za nazi huingia katika orodha hii bila kubadilishwa sana, kwa kuwa nazi iliyokunwa, sukari, maji na iliki havimo katika vichochezi 9 vilivyotajwa. Maji yakibadilishwa kwa juisi ya karoti, kashata hupata rangi inayokaribia ya boga. Shira ya sukari huunguza vibaya kuliko maji yanayochemka, hivyo mtu mzima ndiye anayesimama jikoni mpaka mchanganyiko umemwagwa kwenye sinia, na watoto huitwa unapokuwa vuguvugu ili waukate kwa vibati vyenye umbo la nyota au la popo. Nazi iliyokaushwa ya dukani nayo husomwa lebo, kwani mara nyingine hufungashwa mahali panapofungashwa lozi.

Kwa watoto wenye umri chini ya miaka minne kuna hatari nyingine isiyohusiana na mzio, nayo ni kupaliwa. Zabibu nzima, bisi, njugu nzima, pipi ngumu na zile peremende nyeupe laini ziitwazo mashimelo huweza kuziba koo, na hizi za mwisho hutengenezwa kwa gelatini ambayo mara nyingi hutokana na nguruwe, jambo ambalo familia za Kiislamu hupenda kulijua mapema. Chenza lililomenywa na kuchomekwa kijiti cha tango juu hufanana na boga dogo, na mtoto wa miaka mitatu anaweza kulitengeneza mwenyewe, ila kabla ya kuliwa vipande vyake hukatwa vidogo na kutolewa mbegu.

Manufaa makubwa zaidi ya kupika pamoja yako katika elimu anayopata mtoto mwenyewe. Anapoketi mezani akionyeshwa mahali lebo inapotaja vichochezi, akizoea kuuliza kabla ya kuonja, na akiona mzazi akirudisha pakiti kabatini kwa sababu ya neno moja, hujenga tabia atakayoihitaji siku ambayo mzazi hayupo. Kazi hii haiwahusu wenye mzio peke yao, kwani rafiki anayejua kwa nini mwenzake hawezi kuonja keki ya karanga ni ulinzi wa aina yake.

Mwenyeji anayeandaa karamu ya Halloween, basi, na amwulize mzazi wa kila mtoto aliyealikwa kuhusu mizio kabla ya kwenda dukani, ahifadhi pakiti zote mpaka mgeni wa mwisho aondoke, ajue sindano ya adrenalini ya mtoto iko wapi na namna ya kuitumia, na akiona dalili za anafilaksia aitumie mara moja kisha apige simu ya dharura, ambayo Marekani na Kanada ni 911.