Cheo cha Mama Askari Huanzia Nyumbani

Si jambo geni katika kambi za polisi jijini Kampala kumwona mama askari akirejea alfajiri kutoka zamu ya usiku. Kabla hajafungua kamba za viatu, jiko linamngoja, watoto wanataka chai, na sare za shule hazijapigwa pasi. Mumewe, naye askari, amelala. Zamu yake ni ya mchana.

Sheria imekwisha kumfungulia mama huyu mlango. Kifungu cha 33 cha Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 kinampa mwanamke heshima sawa na mwanamume, tena kinaiagiza Serikali impatie nafasi za kujiendeleza. Wala kazi yake si ya hisani. Sheria ya mwenendo wa kesi za jinai yaamuru kwamba mwanamke apekuliwe na mwanamke mwenziwe, kwa staha. Kituo kisicho na askari wa kike kitaitimizaje amri hiyo? Na mama aliyepigwa na mumewe atamweleza nani aibu yake pasipo kusita?

Uwezo nao umekwisha kuonekana. Bibi Elizabeth Kuteesa aliwahi kuiongoza idara ya upelelezi wa jinai ya nchi nzima, na katika miaka ya 2010 Bibi Grace Akullo akaishika idara hiyo hiyo.

Kizuizi basi ki wapi? Mara nyingi ki nyumbani. Cheo hutaka mafunzo, na mafunzo hutaka safari. Chuo cha Kabalye kiko Masindi, zaidi ya kilomita 200 kutoka Kampala. Barua ya mafunzo ifikapo, mume huuliza, "Watoto utamwachia nani?" Yeye aitwapo, hakuna amwulizaye swali hilo.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Ndugu askari, ubebe mzigo huo juma moja tu, nawe utaujua uzito wake. Pikeni kwa zamu kama mlindavyo kwa zamu. Mkuu wa kituo naye, apangapo zamu, asiwapangie mume na mke usiku mmoja, watoto wakabaki peke yao. Wala asimhesabie mama likizo ya uzazi kuwa ni uvivu.

Barua ya mafunzo ijapo, jibu la mume na liwe moja: "Nenda, mama watoto. Nyumba nitailinda."