Kipanga wa Kilindini

Juzi, nikishuka kwenda feri ya Likoni, niliona gari dogo la Kiingereza, la viti viwili, limebandikwa ubavuni duara la rangi tatu: buluu nje, nyeupe kati, nyekundu ndani. Kijana aliyesimama karibu nami akasema, "Mzee, hiyo ni alama ya wapiga gitaa." Hakukosea sana, maana vijana wa London waliivaa katika miaka ya 1960. Lakini asili yake, wasomaji wangu, ni hofu ya kuuawa na wenzako.

Mwaka 1914 marubani wa Uingereza walichora bendera yao kwenye mbawa za ndege. Kwa mbali msalaba wake ulifanana na msalaba wa Wajerumani, hata askari wa chini wakawafyatulia risasi watu wao wenyewe. Ndipo wakaiga duara la Wafaransa, wakageuza mpangilio wa rangi. Vita vya pili vilipofika Mashariki, balaa likarudi: Wajapani nao walikuwa na duara jekundu. Waingereza wakaifuta nyekundu katika ndege zao za upande huo.

Na bahari hiyo ndiyo yetu. Aprili 1942, Wajapani walipoipiga Colombo, Admeri Somerville alileta sehemu ya manowari zake Kilindini. Skuli ya Allidina Visram ikageuzwa mahali pa kufumbua siri za redio za Wajapani. Kituo cha ndege za wanamaji, kwa desturi yao ya kuita hata majengo ya nchi kavu kama meli, wakakipa jina Kipanga. Cha Nairobi Korongo, cha Tanga Kilele. Hilo la kwanza lilichaguliwa na mtu mwenye akili. Bibi yeyote wa Mji wa Kale aliyefuga kuku anamjua kipanga, na anajua kwa nini mtu hutazama juu.

Baada ya vita ndege zikawa pambo la magari. Triumph ya Coventry iliuza gari liitwalo Spitfire, jina la ndege ya vita, tangu 1962 hadi 1980. Sina ugomvi na wapenda beji. Mafundi wetu wa mitepe walichora macho kwenye omo. Ila duara la wageni nimeliona hadi Likoni, na kipanga, neno letu, sijamwona kwenye gari hata moja. Uwanja wa Port Reitz, zilikotua ndege zile, ndio leo Uwanja wa Kimataifa wa Moi.