Mbung'o wa Lambwe, mama wa mtoto mmoja mmoja

Katika Mbuga ya Kitaifa ya Ruma, iliyo Bonde la Lambwe, Kaunti ya Homa Bay, anayekulaki kwanza si twiga wala nyati. Gari likipunguza mwendo karibu na vichaka, inzi wa kahawia, mkubwa kidogo kuliko wa nyumbani, huingia dirishani, akatua shingoni au begani, na shati halimzuii. Waluo humwita maugo, Waswahili mbung'o. Wageni wengi humlaani kisha wakaendelea kumtafuta korongo, yule swala mkubwa mwenye pembe zilizopinda kurudi nyuma ambaye Kenya nzima hapatikani porini ila hapa. Kwa maoni yangu wamempita kiumbe wa ajabu kuliko wote bondeni.

Je, wajua kwamba mbung'o hatagi mayai? Inzi wa nyumbani hutaga zaidi ya mia kwa mkupuo mmoja na kwenda zake. Mbung'o jike hubeba yai moja tu, nalo huanguliwa humo humo tumboni. Buu hukaa katika mji wa mimba kwa siku 9 hivi, akinyonya maziwa yanayotoka kwenye tezi maalumu, maziwa hasa, yenye mafuta na protini. Anapozaliwa huwa amenona hata uzito wake unalingana na wa mama yake, na pengine unauzidi. Fikiria mwanamke wa kilo 60 akijifungua mtoto wa kilo 60, kisha baada ya siku kumi anajifungua mwingine.

Mtoto huyo hana miguu wala mbawa. Hujisukuma udongoni penye kivuli, ngozi yake ikakauka na kuwa gamba jeusi, na humo ndani hukaa mwezi mzima au karibu hivyo bila kula chochote. Akitoka ni mbung'o kamili, mwenye njaa ya kitu kimoja tu. Dume na jike wote huishi kwa damu, tofauti na mbu ambaye dume wake hunywa nekta ya maua. Lakini damu peke yake haina vitamini B za kutosha. Pengo hilo huzibwa na bakteria waitwao Wigglesworthia, ambao wamepewa makao ndani ya utumbo wa mbung'o na humtengenezea vitamini hizo. Mama humrithisha mtoto bakteria hao kwa njia ya maziwa. Ukiwaua kwa dawa, jike huwa tasa.

Ukoo huu ni wa kale. Leo mbung'o ni wa Afrika kusini mwa Sahara, lakini mabaki yao yamekutwa kwenye mawe ya Florissant, jimboni Colorado, Marekani, yenye umri wa miaka kama milioni 34. Huko walitoweka. Huku wamebaki, na pale Lambwe spishi inayotawala ni Glossina pallidipes, mpenda vichaka na damu ya pongo na nyati.

Shida si kuumwa, ingawa panauma kweli. Shida ni tripanosoma, vimelea ambavyo mbung'o huvichota kwa mnyama mmoja na kuvipeleka kwa mwingine. Wanyama wa porini huvibeba bila kuugua sana. Ng'ombe hupata nagana: anakonda, damu inapungua, anatupa mimba, anakufa. Binadamu hupata malale. Kati ya 1900 na 1920 malale yaliwaua watu zaidi ya 200,000 kandokando ya Ziwa Viktoria, wengi wao Busoga, nchini Uganda, na ni Entebbe, nchini humo, mwaka 1903, daktari Mwingereza David Bruce alipoonyesha kwamba anayeyaeneza ni mbung'o.

Bonde lenye rutuba kama Lambwe, lililolala kati ya vilima vya Gwassi na genge la Kanyamwa, umbali mfupi kutoka ziwani, lisingekosa mahindi na ng'ombe. Lakini mfugaji gani apeleke mifugo mahali pa kuifia? Sehemu kubwa ya bonde ilibaki nyasi na vichaka wakati pande zake zote zikilimwa. Mwaka 1966 ikatengwa kuwa hifadhi ili kuwalinda korongo, na 1983 ikapandishwa hadhi kuwa mbuga ya kitaifa yenye ukubwa wa kilomita za mraba 120. Twiga, kongoni, taya na faru unaowaona leo wanalisha juu ya ardhi ambayo mdudu aliizuilia jembe.

Nisimsifu kupita kiasi, hata hivyo. Mbung'o alizuia ng'ombe, hakuzuia nyaya za majangili. Sensa ya wanyamapori ya Kenya ya 2021 iliwahesabu korongo 15 tu. Mbung'o ni mlinzi wa ardhi. Kwa mnyama mmoja mmoja hana msaada.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 1981, wakati malale yamezuka upya Lambwe, ndege zilipita juu ya vichaka zikinyunyiza dawa ya endosulfani, mara kadhaa kwa kupishana siku. Kurudiarudia huko kuna sababu yake: dawa huua walio angani na kwenye majani, haiwafikii walio udongoni. Inabidi ungoje wale wa chini watoke, kisha uwawahi kabla hawajazaa. Idadi ilishuka vibaya, ikaonekana kama kazi imekwisha, kisha mbung'o wakajaa tena.

Hapo ndipo uzazi ule wa mtoto mmoja mmoja unapokuwa udhaifu. Mdudu anayezaa polepole hivyo hahitaji kuuawa kwa wingi. Ukiongeza vifo vya majike kwa asilimia 4 hivi kwa siku, bila kukoma, kizazi hakijazi tena pengo. Nchini Zimbabwe vitambaa vinne vyenye dawa na harufu kwa kila kilomita ya mraba vilitosha. Kenya, watafiti wa ICIPE, taasisi iliyoasishwa mwaka 1970 na mwanasayansi Thomas Odhiambo na yenye kituo pale Mbita, karibu na Lambwe, walibuni mtego wa kitambaa cha buluu na cheusi. Buluu humwita mbung'o kutoka mbali, cheusi humfanya atue, na chambo chake ni asetoni pamoja na mkojo wa ng'ombe uliochacha. Ukivaa jinzi ya buluu Ruma, basi, umejitengeneza kuwa mtego usio na dawa. Vaa kaki.

Mistari humchanganya: pundamilia hawamvutii sana. Kuro ndiye aliyewafundisha watafiti zaidi. Swala huyu huishi kati ya mbung'o lakini huumwa kwa nadra, kwa kuwa ngozi yake hutoa harufu wanayoichukia. ICIPE waliichambua harufu hiyo, wakaiunda maabara na kuitia kwenye mikanda ya shingo ya ng'ombe. Katika majaribio ya Kwale, ng'ombe waliovaa mikanda hiyo waliugua nagana kwa zaidi ya asilimia 80 pungufu kuliko wenzao.

Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma nchini Kenya; mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa hapa nchini aliripotiwa zaidi ya miaka kumi nyuma. Nagana bado ipo, na mbung'o bado wapo vichakani Ruma. Wamalizwe kabisa, kama walivyomalizwa Unguja mwaka 1997 kwa kuachiliwa madume tasa? Mfugaji wa nje ya uzio atasema ndiyo bila kusita, na ana haki. Ila Unguja ni kisiwa, inzi wengine hawana njia ya kurudi. Na siku mbung'o wa Lambwe atakapokwisha, nyasi zile zitamtegemea askari wa mbuga na uzio peke yake, huku ng'ombe wa jirani wakizitazama kiangazi chote.

Ukitoka Ruma, shuka kusini hadi Thimlich Ohinga, Kaunti ya Migori, ukaone kuta za mawe yaliyopangwa bila saruji wala udongo, zilizoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Ndani yake watu walikaa na ng'ombe wao. Huko unaweza kuvaa buluu.