Takaungu: Njia Ilipohama, Soko Likaifuata

Ukitoka Mombasa kwenda Kilifi, ukishapita Vipingo na kabla hujalifikia daraja, kuna njia inayokunja kulia kuelekea baharini. Abiria wengi huipita bila kuitupia jicho. Njia hiyo inakwenda Takaungu.

Leo ukishuka hapo utakuta mji mdogo wa wavuvi, misikiti, makaburi ya kale ya Wamazrui, na maduka ya unga, sukari na mafuta ya kupikia. Mwenye haja ya kitu kikubwa hupanda bodaboda hadi barabara kuu, kisha akaenda Kilifi au Mombasa. Lakini katika karne ya 19 safari ilikuwa kinyume. Watu wa bara ndio waliokuja Takaungu kuuza na kununua. Ilikuwaje soko lile likawa kubwa, na likaenda wapi?

Soko lilivyoanza

Mwaka 1837 Sayyid Said wa Oman na Zanzibar aliwaondoa Wamazrui katika utawala wa Mombasa. Ukoo ukatawanyika. Tawi moja likaenda kusini, Gazi, na jingine likapanda kaskazini hadi Takaungu.

Mahali penyewe palifaa kwa biashara. Kulikuwa na hori lililokingwa na mawimbi, ambamo majahazi yangeweza kutia nanga. Nyuma ya mji kulikuwa na ardhi ya kulima, na mbele zaidi bara kulikuwa na Wachonyi, Wakauma na Wagiriama, wenye nafaka, pembe za ndovu na sandarusi.

Kalenda ya soko ilikuwa pepo. Kaskazi ilipovuma, majahazi yalishuka kutoka Arabuni yakiwa na tende na bidhaa nyingine, na kusi ilipoingia yalirudi yakiwa yamesheheni mtama na ufuta. Nguo za merikani na kaniki, shanga na waya zilipelekwa bara kubadilishwa kwa mazao. Pembe zilipimwa kwa frasila, yaani kama kilo 16, na nafaka kwa kibaba na pishi. Vibaba vinne ndiyo pishi moja.

Katikati ya mwuzaji na mnunuzi kulikuwa na mkopo. Wafanyabiashara wa Kihindi walitoa bidhaa na fedha kwanza, wakalipwa mavuno yakifika. Kwa hivyo mvua ikikosekana bara, deni lilisikika mpaka bandarini.

Walioubeba mzigo

Hapa ndipo hadithi nyingi za fahari ya miji yetu ya kale hunyamaza. Nafaka iliyojaza majahazi ya Takaungu ililimwa kwa sehemu kubwa na watumwa. Utajiri wa wenye mashamba ulikuwa jasho la watu ambao hawakulipwa.

Kisha ikaja njaa. Katika miaka ya 1880 Wagiriama walipatwa na njaa wanayoiita Mwakisenge. Waliokuwa wakileta nafaka Takaungu sasa walikuja kutafuta chakula, na wasiokuwa na cha kulipa waliweka watoto na jamaa zao rehani. Makubaliano yalikuwa kwamba mtu atakombolewa mambo yakitengemaa. Wengi hawakukombolewa. Wako waliouzwa mbali, na wako waliobaki Pwani wakawa watu wa huku.

Jambo hili si la kuchimba chuki. Lakini tukisema Waswahili na Wamijikenda ni ndugu, tujue pia kwamba sehemu ya udugu huo ilifungwa sokoni, kwa pishi ya mtama.

Njia ilivyohama

Pigo la kwanza lilikuwa vita. Mwaka 1895 alifariki Salim bin Khamis, liwali wa Takaungu. Waingereza wakamuunga mkono mwanawe, Rashid bin Salim. Wamazrui wengine wakapinga, na Mbaruk bin Rashid wa Gazi akaingia upande wao. Vita vilienea Pwani hadi mwaka 1896, Mbaruk alipovuka mpaka kuingia katika himaya ya Wajerumani. Hakuna soko linalostawi mwenye duka akilala huku amefunga mizigo.

La pili lilikuwa reli. Ujenzi ulianza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901. Kuanzia hapo biashara ya bara ilivutwa Mombasa, na bandari ndogo zikabaki na makombo.

La tatu ni sheria. Mwaka 1907 hali ya utumwa ilifutwa kisheria hapa kwetu. Ilikuwa haki iliyochelewa, na mashamba makubwa yaliyotegemea watumwa hayakuweza tena kujaza majahazi kama zamani.

La nne likawa barabara. Magari yalipochukua nafasi ya majahazi, njia kuu ya Mombasa hadi Malindi ilipita bara ya Takaungu, na mji ukabaki pembeni. Kilifi nako kulionja hali hiyo. Zamani magari yalipanga foleni kusubiri feri, na wauza korosho wakapata riziki kwa foleni ile. Daraja lilipokamilika mwaka 1991, gari likawa linapita bila kusimama, na foleni ikaisha pamoja na wateja wake.

Kwa nini tuyakumbuke leo

Barabara ya Mombasa hadi Kilifi inapanuliwa. Kila barabara inapobadilika, kuna kituo kinachozaliwa na kingine kinachokufa, na mara nyingi mama muuza mahamri ndiye wa mwisho kuambiwa. Wapangaji wa kaunti wanapochora vituo vya magari na masoko, hawachori lami tu, wanaamua nani atapata wateja. Wafanyabiashara wadogo waitwe mapema waseme, kabla mawe ya mipaka hayajawekwa.

Na Takaungu isingoje njia irudi. Hori bado lipo, samaki wapo, na historia ipo, iliyo tamu na iliyo chungu. Mgeni akija kuiona, asimuliwe yote mawili: majahazi yaliyopakia nafaka, na watu walioilima.